Kuongeza Mafuta ya Breki Si Kutengeneza Breki

Hapana dereva wa jeshi anayeruhusiwa kuliondoa lori kambini pasipo kulikagua. Hutazama matairi, maji, mafuta ya injini na breki, ndipo hupanda. Amri hiyo twaitii kwa kuwa twajua kwamba lori bovu laweza kukiangamiza kikosi kizima bila adui kufyatua risasi hata moja. Lakini wengi wetu, tukisha kuvua sare jioni, twaingia katika gari la nyumbani, Land Cruiser au Prado iliyozeeka, twapakia mke na watoto, twaongeza mafuta ya breki kutoka katika chupa iliyofichwa chini ya kiti, kisha twaondoka. Nidhamu hubaki langoni mwa kambi. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulikemea leo.

Gari linalodai mafuta ya breki kila juma linavuja. Mafuta hayo hayaungui kama petroli. Katika gari zima hushuka polepole sana, kadiri pedi zinavyolika. Yakishuka upesi, yapo mahali yanapotokea, na mara nyingi mahali penyewe ni masta silinda, kile chombo kilichofungwa mbele ya dereva, chini ya kichupa cha mafuta ya breki.

Masta silinda ni moyo wa breki. Mguu ukanyagapo pedali, pistoni mbili zilizo ndani yake husukuma mafuta katika paipu hadi kwenye magurudumu. Raba zilizozizunguka pistoni hizo ndizo zinazoyazuia mafuta yasirudi nyuma. Raba zikichakaa, au ukuta wa silinda ukichimbwa na kutu, mafuta hupenya.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hujificha. Mafuta yakipenya raba ya nyuma huweza kuingia ndani ya busta, na ardhi chini ya gari ikabaki kavu. Zikilegea raba za katikati, mafuta hayapungui kabisa, ila pedali huzama. Tena, kwa kuwa pistoni ni mbili, moja ikishindwa nyingine huendelea kufanya kazi. Gari husimama, ingawa kwa kuchelewa, na dereva hujidanganya kuwa mambo ni salama.

Kipimo chake hakihitaji fedha. Washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga pedali kwa nguvu, ishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole kuelekea sakafuni, na hakuna uvujaji kwenye paipu wala magurudumuni, masta silinda imekwisha. Gari hilo lisiende popote ila kwa fundi, nalo livutwe.

Twajua jibu la askari wengi. Mshahara ni mdogo, mara nyingi huchelewa, na vipuri vinavyofika Juba kutoka Kampala vina bei kali. Hayo ni kweli, wala hatuyadharau. Lakini masta silinda ni miongoni mwa vipuri ambavyo kuviahirisha ni ghali kuliko kuvinunua. Asiyeweza kuinunua mwezi huu na aegeshe gari, apande basi. Kutembea kwa miguu hakujamwua mtoto wa mtu kwa kukosa breki.

Wako pia wanaotafuta njia ya mkato, wakatia mafuta ya injini au ya usukani mahali pa mafuta ya breki. Mafuta hayo huzivimbisha raba, na uharibifu huenea hadi magurudumuni. Kilichokuwa kipuri kimoja huwa vipuri vingi. Tumia aina iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kichupa, nayo itoke katika chupa isiyokaa wazi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka mteremkoni, pedali hukanyaga mvuke.

Fundi naye aangaliwe. Silinda ya chuma yenye ukuta laini huweza kutosheka na raba mpya. Iliyochimbika kwa kutu, au ya aluminiamu iliyokwaruzika, isisuguliwe kwa msasa; inunuliwe nyingine. Mpya hiyo itolewe hewa kwanza ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, kisha hewa itolewe katika kila gurudumu kwa mfuatano wa kitabu cha gari. Fundi anayekurudishia gari lenye pedali laini kama godoro hajamaliza kazi, hata akiapa.

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno moja zaidi. Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012. Zamani matope na mashimo yalimpunguza mwendo hata dereva asiye na breki. Leo lami haimpunguzi, naye mbele yake hukuta bodaboda, watoto watokao shule na makundi ya ng'ombe yanayovuka. Askari wa trafiki asimamishaye gari akatazama leseni tu amekagua karatasi. Na amwambie dereva akanyage breki na kuishikilia. Nusu dakika hiyo yaweza kuokoa familia nzima, nayo haina bei. Na gari la mkubwa likaguliwe sawasawa na la raia, kwani pedali haitambui cheo.

Askari amekula kiapo cha kuwalinda watu. Kiapo hicho hakikuwatenga walio ndani ya gari lake mwenyewe, wala mama auzaye mboga kando ya barabara ya Konyo Konyo. Basi kila mmoja wetu na akajaribu pedali yake kabla ya safari ya kesho. Ikizama, chupa ya chini ya kiti isiguswe; aitwe fundi.