Ramani ya Dar isihamishiwe Bukoba hivi hivi

Anayetoka Dar na ramani yake ya nyumba mkononi asianze kuchimba msingi Bukoba, mkoani Kagera, kabla ya kupima udongo na kumwona mhandisi anayelijua eneo. Tetemeko la ardhi la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, hasa za kuta zisizofungwa kwa nguzo na lenta. Jamani, hata mkiweka nguzo, kagueni ringi zake kabla zege halijamwagwa! Ncha zikikunjwa pembe mraba tu, zege la nje likibanduka kwenye tetemeko ringi zinafunguka. Zikunjwe nyuzi 135, ziingie ndani, na ringi zikaribiane zaidi pale nguzo inapokutana na bimu. Fundi akisema mnapoteza nondo bure, msimkubalie.