Soka ya shule yafika njia panda mfumo wa 8-4-4 ukifikia ukingoni

KWA mvulana anayesakata soka katika shule ya upili eneo la Kariandusi, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, safari ya kufika fainali za kitaifa ni ndefu kuliko barabara yenyewe. Sharti timu yake ishinde katika zoni, kisha Kaunti Ndogo ya Gilgil, kisha Kaunti ya Nakuru. Hapo huwa haijafika popote. Inayoisubiri ni kanda ya Bonde la Ufa, inayoanzia Turkana hadi Kajiado, na ndani yake wamo miamba kama St Anthony's Boys ya Kitale.

Wageni hufika Kariandusi kutazama mashoka ya mawe yaliyoachwa na binadamu wa kale, ambayo Louis Leakey aliyatambulisha kwa ulimwengu mwishoni mwa miaka ya 1920. Vipaji vya vijana wanaoishi hapo leo havijapata mchimbaji mwenye bidii kama hiyo. Swali hili la nani anatafutwa na nani anasahaulika ndilo linalostahili kuulizwa sasa, kwani mashindano ya soka ya wavulana wa shule za upili yanaingia katika mageuzi makubwa zaidi tangu miaka ya 1980.

Ili kufahamu tulipo, ni vyema turejee tulikotoka. Kabla ya uhuru, shule ziligawanywa kwa misingi ya rangi, na michezo ikafuata mgawanyiko huo. Shule za wazungu zilienzi raga na kriketi, ilhali soka ilishamiri katika shule za Waafrika, nyingi zikiwa za wamishonari. Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na Alliance mwaka 1926. Mwalimu Carey Francis, aliyeongoza Maseno kabla ya kuhamia Alliance mwaka 1940, aliipenda kandanda na kuiona kuwa sehemu ya malezi.

Bonde la Ufa ya kati, kwa upande wake, ilikuwa nchi ya masetla. Watoto wa vibarua wa mashambani katika maeneo ya Gilgil, Naivasha na Nakuru hawakuwa na shule nyingi za kusomea, sembuse viwanja vya kuchezea. Si ajabu basi kwamba ramani ya ubabe wa soka ya shule inakaribiana mno na ramani ya shule kongwe za Waafrika. Magharibi na Nyanza zilitangulia, na aliyetangulia katika soka hujirithisha mwenyewe: walimu hujifunza kufundisha, na wadogo huiga kaka zao.

Hii haimaanishi kuwa Nakuru haikuwa na vipaji. Nakuru All-Stars ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963. Kilichokosekana ni shule yenye desturi ya soka iliyodumu kizazi baada ya kizazi, mfano wa Kakamega High, maarufu kama Green Commandos, au Musingu, almaarufu Scorpions.

Mfumo wa elimu nao umekuwa refa asiyeonekana katika historia hii. Kabla ya 8-4-4 kuanzishwa mwaka 1985, kulikuwa na kidato cha tano na cha sita. Mchezaji aliweza kukaa shuleni miaka sita, na shule yenye madarasa hayo iliingia uwanjani na vijana waliokomaa kuliko wapinzani wao wa kidato cha nne. Vidato hivyo vilipofutwa, shule nyingi ndogo zilipata ahueni: kila timu sasa ilikuwa na miaka minne tu ya kumlea mchezaji.

Hata hivyo, miaka minne hiyo ilizaa tatizo jingine. Shule zilizotamani kombe upesi hazikungoja kulea. Zilituma maajenti kutafuta chipukizi waliokwisha kuonekana kwingineko na kuwaahidi karo ya bure. Nyingine zilivuka mpaka na kuchezesha mamluki, vijana ambao darasani hawajulikani. Ushindani wa Afrika Mashariki, ambako shule za Uganda kama St Mary's Kitende zimetamba, umeongeza hamu hiyo. Usajili wa wanafunzi kwa njia ya kielektroniki umesaidia kupunguza udanganyifu, lakini hauwezi kuzuia uhamisho halali unaozifilisi shule za vijijini.

Ubaya wa uhamisho huo haupaswi kutiwa chumvi. Kwa kijana wa familia maskini, mguu wa kushoto ndio uliomlipia karo. Victor Wanyama, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013, alipitia Kamukunji High jijini Nairobi, shule ya umma mtaani, si akademia ya kifahari. Linalouma ni kwamba mlango huo humfungukia tu aliyeonekana, na anayetolewa katika kiwango cha zoni haonekani na yeyote.

Hapa hesabu ya kanda inajitokeza. Kwa kawaida, kila kanda kati ya nane hutuma bingwa wake kwenye fainali za kitaifa. Bonde la Ufa ina kaunti 14, Magharibi ina nne, Kaskazini Mashariki tatu, na Nairobi ni kaunti moja. Mipaka hiyo ni urithi wa mikoa iliyokoma kuwa vitengo vya uongozi Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti. Serikali iligatua hospitali na barabara, lakini ramani ya soka ya shule ilibaki vile vile.

Sasa mfumo wenyewe unabadilika tena. Darasa la mwisho la 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 na litafanya KCSE mwaka 2027. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia shule za upili Januari 2026. Kuanzia mwaka 2028, fainali zitakuwa za wanafunzi wa Gredi za 10, 11 na 12 pekee. Miaka minne ya kulea imekuwa mitatu, na mchezaji atafika akiwa na umri wa takriban miaka 15.

Maana yake ni bayana. Samaki hukunjwa angali mbichi, na sasa atakunjwa katika shule ya sekondari msingi, ambayo aghalabu imo ndani ya shule ya msingi ya kijijini. Iwapo huko hakuna mwalimu wa michezo, mpira wala uwanja ulio salama dhidi ya wanyakuzi, shule za upili zitakuwa za kuvuna tu. Na kwa kuwa muda ni mfupi, mwalimu mkuu mwenye uchu wa kombe atashawishika zaidi kununua kuliko kulea.

Mtaala mpya una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambao serikali ilikadiria utachukua asilimia 15 ya wanafunzi. Hii ni fursa ya kihistoria, mradi usiishie katika shule chache zilizokuwa na majina tangu zamani. Kila kaunti ndogo inafaa kuwa na angalau shule moja ya umma ya kutwa inayoutoa mkondo huo, ikiwa na uwanja na mkufunzi aliyehitimu. Waandalizi nao wazitazame upya nafasi za kanda, ili kaunti 14 zisiendelee kupigania tiketi ileile inayopewa kaunti moja.

Wasichana wametuonyesha kinachowezekana. Mwaka 2024, Junior Starlets, kikosi kilichosheheni wanafunzi wa shule za upili, kilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kushiriki Kombe la Dunia. Timu ya wavulana haijafika huko. Huenda atakayeifikisha yuko Gredi ya 7 mahali fulani Kariandusi, akicheza na mpira wa makaratasi. La muhimu ni iwapo atapatikana mtu wa kumtazama kabla hajafika umri wa kununuliwa.