Mwanafunzi wa famasi apelekwe wodini, asifungiwe dirishani

MWANAFUNZI wa famasi anapopelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo, Taifa hutaraji kwamba atarudi chuoni akiwa amewajua wagonjwa. Wengi hurudi wakiwa wamelijua dirisha. Wamejifunza kupokea cheti cha dawa, kuhesabu vidonge, kuvitia katika bahasha, kuandika juu yake "1 x 3" na kumwita mgonjwa anayefuata. Siku ambayo dirishani hakuna watu wengi, hutumwa bohari kupanga maboksi. Majuma yakiisha, muhuri hupigwa katika daftari la mafunzo, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Hiyo ni kazi ya kibarua iliyopewa jina la mafunzo, na haifai kuachwa iendelee.

Walimu wa nchi hii wanaweza kulipima jambo hili kwa urahisi kuliko watu wengine. Mwanachuo wa ualimu anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, hupewa darasa. Huandaa somo, husimama mbele ya watoto, na mkufunzi wake huketi nyuma ya darasa na karatasi mkononi akiandika makosa yake. Lau mwalimu mkuu angemweka mwanachuo huyo stoo ahesabu madaftari na kugawa chaki mpaka siku zake ziishe, chuo kingelalamika na wakaguzi wangeuliza. Hakuna ambaye angethubutu kusema kwamba huyo amejifunza kufundisha. Basi kwa nini yule anayeandaliwa kusimamia dawa, ambazo zaweza kuponya au kuua, atendewe hivyo na watu wanyamaze?

Yapo mambo ambayo dirisha haliwezi kuyafundisha hata mwanafunzi akikaa hapo mwaka mzima. Chukua mathalani mtoto wa kilo 12 aliyelazwa kwa malaria kali. Tiba yake ni sindano ya artesuneti. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye uzito huo na zaidi hupewa miligramu 2.4. Kwa hiyo mtoto huyo anahitaji miligramu 36. Akipimiwa kwa kipimo cha mtu mzima atapata miligramu zipatazo 29 tu, yaani amepunjwa moja ya tano ya dawa inayogombania uhai wake. Tena sindano ya pili haina budi kufuata baada ya saa 12, na ya tatu ikitimia saa 24. Baadaye ni lazima apewe dozi kamili ya dawa ya kumeza. Makosa katika hatua yoyote kati ya hizo hayaonekani dirishani. Huonekana kwenye mizani, katika faili la mgonjwa na kando ya kitanda, usiku, pale muuguzi mmoja anapohudumia wodi nzima.

Au mchukue mama anayetibiwa kifua kikuu. Dawa iitwayo rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba hiyo, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mama huyo huchukua dawa za kifua kikuu kliniki moja na vidonge vya uzazi kliniki nyingine. Hakuna dirisha linaloona vyote viwili. Anayeweza kugundua hatari hiyo ni mtu aliyeketi naye, akamwuliza kwa upole dawa zote anazotumia, na akamsikiliza. Kadhalika mzee mwenye figo dhaifu anayechomwa sindano za jentamaisini: dawa hiyo yaweza kumwongezea madhara ya figo na kumharibia masikio, na kipimo chake hupangwa kwa kuangalia hali ya figo. Cheti cha dawa hakisemi lolote juu ya figo. Faili husema.

Wapo wanaopinga jambo hili, na hoja zao aghalabu ni tatu.

Wa kwanza ni baadhi ya madaktari wenye kasumba ya ubwana mkubwa. Hao huona wodi kuwa milki yao, na mfamasia akiuliza juu ya kipimo cha dawa huona amevunjiwa heshima. Mwanafunzi wa famasi akijipenyeza katika raundi ya asubuhi huulizwa amepotea njia. Kasumba hii haina nafasi katika hospitali ya umma. Daktari amesomea kuutambua ugonjwa na kuutibu. Mfamasia ametumia miaka minne ya shahada kusoma dawa inavyoingia mwilini, inavyofanya kazi, inavyogongana na nyingine na inavyotoka. Swali la mfamasia humlinda mgonjwa, na humlinda daktari mwenyewe asije akalala na kosa ambalo lingesahihishwa kwa sentensi moja.

Wa pili husema kwamba mfamasia wa wodini ni anasa ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba utaratibu huo ulipata umaarufu kwanza Marekani. Mwaka 1966, Chuo Kikuu cha California kule San Francisco kiliwapeleka wafamasia kufanya kazi katika ghorofa ya 9 ya hospitali yake, karibu na wagonjwa. Lakini asili ya jambo haiondoi manufaa yake. Nchi tajiri ikipoteza dawa hununua nyingine. Nchi isiyo na fedha za kutosha za kigeni, ambayo sehemu kubwa ya dawa zake hutoka ng'ambo, haiwezi kuvumilia dozi zinazotolewa ovyo, viuavijasumu vinavyozoewa na vijidudu, na mgonjwa anayerudi kulazwa mara ya pili kwa sababu hakuna aliyemweleza namna ya kumeza dawa yake. Tangu mwaka 1983 Tanzania ilipoanzisha mpango wa dawa muhimu, nia ilikuwa dawa chache zilizo bora ziwafikie watu wengi na zitumike sawasawa. Kuzifikisha peke yake ni nusu ya kazi.

Wa tatu husema kwamba watumishi ni wachache na dirisha halina mtu. Hoja hii ina ukweli, na haifai kubezwa. Mgonjwa aliyesimama foleni tangu alfajiri naye ana haki yake. Wala kazi ya dirishani si ya aibu; mwanafunzi na aifanye, aijue vizuri, na amheshimu fundi sanifu dawa anayemfundisha. Lakini pengo la ajira huzibwa kwa kuajiri. Kulizibia kwa mwanafunzi ni kukopa kwa mgonjwa wa kesho ili kumlipa wa leo, kwa maana mwanafunzi huyo atahitimu bila kuijua kazi ambayo wananchi wamemsomesha aifanye.

Wapo pia wanaojifariji kwamba baada ya shahada upo mwaka mmoja wa uanagenzi, na kwamba wodi atazijua wakati huo. Huko ni kujidanganya. Aliyefika uanagenzini bila kujua kulisoma faili hupangiwa kazi anayoiweza, nayo ni ya dirishani. Naye akiwa mkubwa huwalea wanafunzi kama alivyolelewa, na kosa likageuka kuwa mila.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na maisha ya watu atakaowatumikia. Mwaka 1974 mafunzo ya shahada ya famasi yalianza nchini, hapo Muhimbili, na baadaye vyuo vingine vikafuata, kama vile Bugando kule Mwanza na St. John's kule Dodoma. Haikuwa makusudi ya hatua hizo kuzalisha wasomi wa kuhesabu vidonge.

Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji mabilioni. Vyuo viache tabia ya kutuma na kusahau. Mkufunzi amfuate mwanafunzi hospitalini kama mkufunzi wa ualimu anavyofanya, na daftari la mafunzo lihesabu wagonjwa waliofuatiliwa tangu kulazwa hadi kuruhusiwa, badala ya kuhesabu siku zilizopita. Hospitali nazo zimteue mfamasia mmoja kuwa mlezi wa wanafunzi, zimpunguzie majukumu mengine, na ziamue kwamba raundi ya wodini ni sehemu ya ratiba yao ya kila asubuhi. Baraza la Famasi, ambalo sheria ya mwaka 2011 imelikabidhi usimamizi wa taaluma hii, liangalie kwa jicho kali mahali panapofanyika mafunzo, na pasipofaa pasipelekwe mtu.

Wanafunzi wenyewe nao hawana budi kujirekebisha. Wapo wanaobembeleza wapangiwe hospitali za mjini karibu na nyumbani, wapo wanaozikimbia hospitali za wilaya, na wapo wanaofurahia dirisha kwa sababu dirishani hakuna anayewauliza swali gumu. Muhuri uliopatikana kwa ujanja hautamsaidia mtu siku atakapopigiwa simu usiku wa manane na muuguzi wa wilayani anayetaka kujua mtoto wa kilo 12 apewe kiasi gani.

Muuguzi huyo atataka jibu lililo sahihi, tena upesi. Mama wa mtoto atakuwa amesimama pale pale, akimtazama usoni. Kama mwanafunzi wa leo atalijua jibu hilo au hatalijua, litategemea mahali alipowekwa wakati wa mafunzo yake, na wenye mamlaka ya kumweka wodini wamo katika vyuo, hospitali na wizara. Wajibu huo ni wao, na wautimize.