Digrii ya Kutunza Kiwanda Isimwache Fundi Mlangoni



Katika mkutano wa tawi letu hapa Budondo, kijana mmoja fundi wa boila alitoa karatasi mfukoni akaomba tumsaidie kuisoma. Ilikuwa orodha ya masomo ya digrii ya teknolojia ya uhandisi, upande wa utunzaji wa majengo na mitambo. Alitaka kujua aanze na somo gani, na kama miaka 9 aliyosimama mbele ya boila itahesabiwa. Tuliisoma karatasi mbele na nyuma. Miaka yake 9 haikuwamo. Masomo yote ni ya mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mazoezi ya kiwandani ni majuma machache tu. Kijana aliikunja karatasi yake akairudisha mfukoni. Jambo hili hatuwezi kulinyamazia.

Wengine watasema kutunza jengo ni kufagia na kubadilisha balbu. Sivyo hata kidogo. Ni kujua paa linabeba uzito gani, nyaya zinabeba stima kiasi gani, maji machafu yanakwenda wapi, boila ilipimwa lini, na kama mlango wa kukimbilia moto unafunguka au umetiwa kufuli. Mwenye kazi hiyo akikosea, anayekufa ni mfanyakazi.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na mji wa Dhaka, Bangladesh, lilianguka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali, na jenereta nzito zilikuwa zimewekwa huko juu. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa humo ilifunga milango, lakini washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule Dhaka ukuta haukungoja kujengwa.

Na sisi wa Jinja tuna somo letu wenyewe. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 likiwa na mpango wa mashine 10 zenye jumla ya megawati 150. Stima yake ndiyo iliyoleta kiwanda cha nguo cha Nytil na kiwanda cha kuyeyusha shaba. Mwaka 1972 Wahindi walifukuzwa nchini. Wenye ujuzi wengi waliondoka, spea zikakosekana, na mashine moja baada ya nyingine zikasimama. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee, maana vita na siasa mbaya vilifanya kazi yao pia. Tunasema kwamba mashine ikikosa mtunzaji hufa hata kama mwenyewe ni serikali. Leo bwawa la Bujagali la megawati 250, lililofunguliwa mwaka 2012, liko mlangoni petu. Mitambo ipo. Swali ni nani atakayefundishwa kuitunza.

Tuwaambieni jambo tulilolishuhudia. Katika kiwanda kimoja, fundi aliandika mara tatu katika daftari la zamu kwamba mfereji wa paa umeziba na maji yanadondoka karibu na sanduku la stima. Meneja wa majengo, mwenye digrii yake, alijibu kwamba fedha za mwaka zimekwisha. Usiku wa mvua kubwa sanduku lililipuka, mwenzetu mmoja akaungua mikono yote miwili. Tulipokaa na yule fundi alitwambia maneno ambayo hatujayasahau: "Nilijua litalipuka, lakini sikujua kuandika hesabu ya hasara." Naye meneja aliijua hesabu, ila hakuwahi kupanda juu ya paa lile. Elimu ya mmoja ilikuwa ofisini, ya mwingine ilikuwa juani, na mikono ya mwenzetu ikaungua katikati.

Kwa hiyo hatuikatai digrii. Tunaitaka, lakini ipangwe vizuri. Maoni yetu ni haya.

Kwanza, kazi ya mtu ipimwe kabla hajaanza, na somo analolijua kwa mikono asirudishwe kulilipia karo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya Uganda ya mwaka 2008 ilikwisha kukubali kwamba ujuzi uliopatikana kazini unaweza kupimwa na kupewa cheti. Tanzania nako, VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini. Mlango huo usiishie kwenye cheti kidogo, ufike mpaka chuo kikuu.

Pili, masomo yafuatane kwa utaratibu. Hesabu na kusoma michoro vitangulie, halafu stima, maji na mvuke, halafu sheria za usalama, na mwisho gharama na mpango wa spea. Mtu asitupwe katika hesabu za mizigo ya paa kabla hajafundishwa hesabu zenyewe, kisha aambiwe hana akili.

Tatu, kila mwaka uwe na miezi ya kiwandani, na fundi mzee akae pamoja na mwalimu katika kutoa maksi.

Nne, yawepo madarasa ya jioni na ya Jumamosi, na likizo ya masomo iandikwe katika mkataba wetu wa pamoja na waajiri. Ahadi ya mdomo huondoka pamoja na meneja aliyeitoa.

Waajiri watajibu kwamba mtu wa kiwandani hataiweza digrii. Sisi tulioishia darasa la saba hatutadanganyana: hesabu ni ngumu, na wengine watashindwa. Lakini anayeshindwa baada ya kufundishwa na anayefungiwa mlango si sawasawa.

Nasi tuna wajibu wetu. Tuache kumcheka mwenzetu anayebeba daftari, tukimwita "profesa." Kila fundi awe na kitabu chake: aandike tarehe, mashine, kasoro aliyoiona, na aliyemwarifu. Kitabu hicho ni ushahidi siku ya ajali, na ni ushahidi siku ya kupimwa ujuzi.

Yule kijana wa boila tumemwambia asiitupe karatasi yake. Mkutano ujao aje nayo, na kila tawi lilete majina ya wanaotaka kusoma. Tutakwenda chuoni na kwa waajiri tukiwa na orodha mkononi, tuulize kwa sauti moja: miaka yetu ya kazi mtaiandika wapi?