Uvimbe wa Taya la Mtoto

Miezi mitatu iliyopita mzazi mmoja alinijia chuoni hapa Dodoma akitaka kisomo kwa mwanawe wa miaka sita. Taya la mtoto lilikuwa limevimba na meno yamelegea. Alikwisha kung'olewa jino moja, zikapita wiki mbili, na uvimbe ukazidi. Majirani wakanong'ona habari za kijicho. Nilimsomea, maana dua si jambo la kuachwa, kisha nikamwambia baba yake: "Bwana, kesho asubuhi mtoto huyu afike hospitali kubwa, wala asing'olewe jino jingine."

Nilisema hivyo kwa habari nilizopata kuzisoma. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata akaandika juu ya saratani hiyo, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa gari toka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona ugonjwa huu hupatikana zaidi penye joto na mvua, na huko ndiko kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964, London, Epstein, Barr na Achong wakaona kirusi ndani ya chembe zilizotoka katika uvimbe wa namna hiyo.

Kirusi hicho huenea kwa mate. Karibu watu wazima wote duniani wanacho, na aghalabu hakiwadhuru. Basi huingiaje? Juu ya ngozi ya chembe za mwili mna vipokezi, mfano wa vitasa vya milango. Chembe nyeupe za damu za namna moja zina kipokezi kiitwacho CD21, kilichowekwa kwa kazi njema ya kinga. Kirusi kina ufunguo unaokifaa kitasa hicho.

Hapo wengi hudhani habari imekwisha. Bado. Chembe iliyoingiwa na kirusi huwindwa na askari wa mwili, lakini askari huyo haui kwa mbali. Hana budi amshike mshukiwa kwanza. Kwa kazi hiyo Mwenyezi Mungu ameumba molekuli za kushikamana, kama mikono midogo pande zote mbili. Mwaka 1988 wataalamu walionyesha kwamba chembe za saratani hii zina upungufu wa mikono hiyo, hasa ile iitwayo ICAM-1 na LFA-3. Chembe za kawaida zilizoingiwa na kirusi hicho hicho, zikikuzwa katika chupa za maabara, hushikana mafungu mafungu. Za Burkitt huelea moja moja. Askari hupita, hupapasa, asipate pa kushika.

Malaria ya mara kwa mara nayo huzichochea chembe hizo kuzaana na kuwadhoofisha askari, na katika kuzaana huko huweza kutokea kosa katika maandiko ya urithi. Dodoma yetu ni kavu, na malaria yake ni haba kuliko ya Kanda ya Ziwa. Ndiyo maana wazee wengi hapa hawaufahamu uvimbe huu. Lakini tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, watoto wanatoka pande zote za nchi.

Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini mbio hizo hizo ndizo zinazouponza, kwa kuwa dawa zitiwazo mshipani huzipiga hasa chembe zinazozaana kwa haraka. Watoto wengi wanaowahi hupona.

Mtoto wetu alichukuliwa kipande cha nyama kikapimwa, na ndiyo iliyokuwa. Sasa yumo katika duru ya tatu ya dawa, na anatafuna ugali. Baba yake ameniomba niwaeleze wanachuo wenziwe kwamba saratani haiambukizi, wasiogope kuketi naye mkeka mmoja.