Usimnyime mstaafu ziwa lake

Ukimwuliza daktari kama mtu wa miaka 66 mwenye shinikizo la damu anafaa kuingia ziwani kwa mashua ndogo ya mpira, ya kujazwa upepo kwa pampu na kusukumwa na tanga, lipo jibu moja analoweza kukupa bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake: hapana. Jibu hilo halimgharimu kitu. Mgonjwa akizama, daktari hatalaumiwa kwa kuwa alikataza. Mgonjwa asipozama, bali akanyauka polepole kwenye kochi mbele ya televisheni, hakuna atakayekuja kumwuliza daktari ni nini kilichomwua.

Nayasema haya kwa sababu mimi ndiye niliyelitoa jibu hilo.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Naivasha. Ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisimtaje jina. Alistaafu akiwa na miaka 60, kama watumishi wengi wa serikali tangu umri wa kustaafu ulipoongezwa kutoka miaka 55 mnamo mwaka wa 2009. Mwaka mmoja baadaye mpwa wake anayefanya kazi Ujerumani alimletea mashua ya mpira iliyokwisha kutumiwa, ikiwa imekunjwa ndani ya mifuko miwili, pamoja na mlingoti wa vipande vipande na tanga dogo. Jirani zake walicheka. Mwalimu hakujali. Alinunua jaketi la kuokolea maisha, akawafuata manahodha wa mashua za watalii wamfundishe tabia za ziwa, na kila juma akawa anaingia majini mara mbili au tatu.

Siku moja wanawe walikuja naye kliniki. Binti mkubwa ndiye aliyesema. "Daktari, tusaidie. Sisi Baba hatusikii. Labda wewe atakusikia." Nilimpima, nikakuta shinikizo lake limepanda kidogo, nikamwambia, "Mwalimu, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Hata kwenye kadi yake niliandika hivyo: apumzike. Alinitazama kwa muda, akachukua kofia yake, akatoka. Mashua ikapelekwa ghalani.

Baada ya miezi minane alirudi. Alikuwa ameongeza kilo tisa. Dawa ya shinikizo iliyokuwa kidonge kimoja ilibidi niifanye mbili, kisha tatu. Mchana alisinzia, usiku akakesha. Alipotaka kuinuka kitini alijisukuma kwa mikono yote miwili, na hiyo ni ishara ambayo daktari yeyote huitambua: mapaja yameanza kupoteza nguvu. Na kilichomleta siku hiyo ni mkono. Alikuwa ameanguka bafuni, nyumbani kwake, mahali penye usalama kabisa, na kifundo cha mkono kikavunjika. Kule ziwani alikotoka kwa agizo langu hakuwahi kuumia hata kidole.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vizuri.

Watu wengi hudhani kwamba mwili wa mstaafu ni kama gari kuukuu ambalo likiegeshwa litadumu zaidi. Kwa hakika mambo ni kinyume. Misuli isiyotumiwa huyeyuka, na katika umri mkubwa huyeyuka upesi kuliko inavyorudi. Uwezo wa kusimama sawasawa bila kuyumba nao ni kama lugha, hupotea usipoongewa. Ushauri uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2020 ni kwamba mtu mzima, wakiwemo wazee, afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili kwa siku tatu au zaidi. Ni ushauri mzuri. Lakini mwambie mzee wa Gilgil au wa Karagita asimame kwa mguu mmoja sebuleni kwa dakika kumi kila siku, uone kama atafika siku ya nne.

Jumamosi moja, mkono wake ulipokwisha kupona, nilimwomba Mwalimu anichukue. Naungama kwamba sijui kuogelea. Nilikulia sehemu ambako maji yaliletwa nyumbani na punda. Tulifika ufuoni saa mbili kasoro asubuhi. Kuijaza mashua kwa pampu ya mguu kulimchukua karibu dakika 20, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na jasho likamtoka sawasawa. Kisha akasimamisha mlingoti, akafunga kamba, akainama na kuinuka mara nyingi kuliko mgonjwa wangu yeyote katika darasa la mazoezi. Tukaisukuma majini pamoja. Nilipotaka kusimama nione kiboko aliyekuwa akikoroma mbali kwenye mafunjo, alinikemea, "Kaa chini, Daktari. Hapa mgonjwa ni wewe."

Nisikudanganye, msomaji. Mashua ikishashika upepo mwanana, mwili haufanyi kazi kubwa. Ukitaka moyo uende mbio, tembea mlimani. Mazoezi yenyewe yako kwenye kubeba, kupiga pampu, kusukuma na kukunja, na katika ile kazi ndogo isiyokoma ya kiuno na tumbo kuusawazisha mwili kila mashua inapoinama. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye kamba ya tanga. Lakini nilichokiona ambacho hakimo katika vitabu vyangu ni macho ya yule mtu. Aliutazama uso wa maji na kuniambia upepo utafika baada ya nusu dakika, nao ukafika. Alinieleza jinsi ya kubisha, yaani kuipeleka mashua upande huu kisha upande ule ili kuukabili upepo usiokubali uende moja kwa moja, na akanieleza kwa sauti ile ile ya darasani. Huyu ndiye mtu niliyekuwa nimemwandikia apumzike.

Sasa nije kwenye hatari, maana sitaki mtu asome makala haya leo kisha kesho akanunue mpira wa watoto wa kuogelea na kuuita mashua.

Ziwa Naivasha lina desturi yake. Asubuhi huwa shwari, na alasiri upepo huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Mashua ya mpira ni nyepesi na huzama kidogo sana majini, hivyo upepo huisukuma kando kwa urahisi, na kurudi dhidi ya upepo mkali ni taabu. Mwalimu huanza safari kwa kuelekea kule upepo unakotoka, akiwa na nguvu bado, ili upepo huo huo umrudishe nyumbani akiwa amechoka. Kabla ya saa tano yuko nchi kavu. Ukikuta mawimbi yameanza kupiga povu kabla hujatoka, kunja tanga urudi ukanywe chai.

Kiboko si mchezo. Mchana hukaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mafunjo, na jioni na alfajiri hupita kwenda na kurudi malishoni. Basi usitoke gizani, usikae hadi jua litue, na usipite kati ya kiboko na maji ya kina kirefu. Waulize wavuvi asubuhi hiyo hiyo viboko wako wapi, kwa sababu jana si leo. Kuna hatari nyingine ambayo ni mpya kidogo. Tangu maji yalipopanda mwaka wa 2020 na kuzifunika nyumba za Kihoto, migunga mingi iliyokufa imebaki imesimama majini, na miiba yake na mpira havipatani. Mashua nzuri ina vyumba kadhaa vya upepo vilivyotengana, kimoja kikitoboka vingine hukushikilia. Hata hivyo ukianguka, ishike kamba ya ubavuni na usiiachilie, kwani mashua tupu hupeperushwa na upepo kasi kuliko mtu aogeleavyo.

Kuhusu jaketi la kuokolea maisha sina mjadala. Livaliwe kabla mguu haujaingia majini, lifungwe vifungo vyote, na mtu akikuinua kwa mabega yake lisipande likakufunika masikio. Jaketi lililokaliwa kama mto si jaketi. Hata anayejua kuogelea alivae, kwa sababu mzee akishtuka na kumeza maji, ustadi wa ujanani hausaidii sana.

Yapo pia mambo ya dawa, na hapa ndipo daktari wako anapostahili kuulizwa. Wengi wenye shinikizo la damu hupewa vidonge vya kukojoza. Ukivitumia na ukae juani kwa saa tatu bila kunywa maji, utainuka ghafla kwenye mashua na kichwa kitazunguka. Tena mzee hahisi kiu kama kijana, basi asingoje kiu, anywe kidogo kidogo. Baadhi ya vidonge hivyo huifanya ngozi iudhike upesi na jua, ngozi nyeusi ikiwemo. Nasi hapa tuko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, huku maji yakiurudisha mwanga usoni kutoka chini. Vaa kofia pana, mikono mirefu, na miwani ya kukinga jua, kwa kuwa jua la miaka mingi ni mojawapo ya visababishi vya mtoto wa jicho. Mwenye kisukari anayetumia insulini asitoke bila kifungua kinywa, na awe na glukosi au soda mahali anapoifikia kwa mkono mmoja. Aliyepatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, na mwenye kuzirai bila sababu kujulikana, hao nawaambia wangoje, na sioni haya kuwaambia hivyo. Na pombe ibaki nyumbani, wala isije hata kwenye gari.

Kwa wasomaji wa Kisumu, Homa Bay na Mbita nina neno la ziada. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi iliyo majini, hivyo viatu vya mpira virefu wakati wa kusukuma mashua vitakupunguzia hatari, ingawa havitaiondoa. Ukiingia maji hayo mara kwa mara, mwambie daktari wako akupime. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, na humezwa kwa siku moja tu.

Wanawe Mwalimu hawakuridhika mara moja, na siwalaumu. Mtu aliye mbali humpenda mzazi wake kwa wasiwasi. Tuliketi nao tukapatana: hatoki peke yake bila mtu ufuoni anayejua saa ya kurudi, simu yake imo ndani ya mfuko usioingiza maji, filimbi imefungwa kwenye jaketi, na kila miezi mitatu anakuja kwangu. Vidonge vitatu sasa vimekuwa viwili. Sisemi ni mashua iliyoviondoa, kwani amepunguza chumvi pia na uzito umeshuka. Nasema tu kwamba huinuka kitini bila kujisukuma.

Najua utaniuliza, ni wastaafu wangapi Kenya hii wenye mpwa Ujerumani? Wachache. Na hata mwenye mashua hapa Naivasha atahangaika kupata mahali pa kuiingizia majini, kwa sababu ardhi kubwa kandokando ya ziwa ni ya watu binafsi na njia za umma za kulifikia ni chache. Ziwa la watu wote ambalo wengi wao huliona kupitia uani wa mtu mwingine ni jambo la kiafya vile vile, ingawa sisi madaktari hatulisemi. Lakini wapo wastaafu wawili watatu wanaoweza kuchangia mashua moja. Wapo wavuvi wanaoweza kumpa mzee kasia kwa saa moja. Na kama maji yako mbali nawe kabisa, jiulize ni nini ulichokuwa ukikipenda ambacho mtu fulani, pengine daktari, alikuambia umri umepita.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja kupimwa. Shinikizo lilikuwa zuri. Akaniuliza kama anaweza kumchukua mjukuu wake wa miaka tisa. Nilimwambia kwanza nilione jaketi la mtoto. Akainama, akafungua mfuko aliokuwa ameuweka chini ya kiti tangu alipoingia, akalitoa.