Rais Naye Apige Hodi

Wadau, leo nina dukuduku na ile shughuli ya Dodoma.

Kila baada ya uchaguzi mkuu tunaonyeshwa picha ileile. Gwaride, bendi ya polisi, wimbo wa taifa, Mpambe na siwa yake begani, Spika na joho lake. Halafu Rais anaingia ukumbini moja kwa moja, wabunge wanapiga meza mpaka viganja viwake moto. Bunge limefunguliwa!

Mambo haya tumeyarithi kwa Waingereza. Kurithi si dhambi. Tatizo ni kwamba tulichukua mapambo tukaacha maana.

Mwaka 1642 Mfalme Charles I aliingia kwenye ukumbi wa wabunge London na watu wenye silaha, akitaka kuwakamata wabunge watano. Akakuta wameshatoroka. Waingereza hawajasahau. Mpaka leo, siku ya kufungua Bunge, mfalme hakanyagi ukumbi ule. Anakaa kwenye Baraza la Malodi, anatuma mjumbe kuwaita wabunge. Mjumbe akikaribia, anafungiwa mlango puu! mbele ya uso wake. Anagonga mara tatu ndipo anafunguliwa.

Mara tatu, jamani. Hiyo si ndiyo hodi yetu? Kwetu hata ukienda kwa shemeji yako unabisha hodi, na usipokaribishwa mara ya tatu unarudi ulikotoka. Tulihitaji Mwingereza atufundishe hodi? Lakini pale Dodoma, nyumba ya wananchi, mkuu wa Serikali anaingia kama anaingia sebuleni kwake.

Najua kuna mdau ataniambia Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, kwa hiyo Rais yuko kwake. Kweli, ndivyo inavyosema Ibara ya 62. Lakini na mfalme wa Uingereza ni sehemu ya Bunge lao, na mlango anafungiwa! Halafu geuza ukurasa usome Ibara ya 63: wabunge ndio waliopewa kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu. Msimamizi gani anampokea anayesimamiwa kwa vigelegele peke yake?

Angalieni tunavyowatendea wanaokataa vigelegele. Novemba 2010 wabunge wa CHADEMA walitoka nje Rais Kikwete alipoanza kuhutubia. Walilaumiwa kwa utovu wa adabu. Novemba 2015 wabunge wa UKAWA walipiga kelele mbele ya Rais Magufuli, Spika Ndugai akawatoa nje. Mnaweza kusema kelele si ustaarabu, nami sibishi sana. Ila tujiulize: kwenye ratiba ya siku ile, ni wapi palipangwa mwakilishi aseme neno "hapana" kistaarabu? Hakuna.

Na sisi tuna 1642 yetu. Januari 27, 2016, wakati hotuba ileile ya ufunguzi inajadiliwa, Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja, sababu gharama. Wapinzani wakagoma, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Sherehe tulionyeshwa mwanzo mwisho, kazi ikaanza kufichwa! Waingereza yao wameiwekea mlango. Sisi yetu tumeiwekea nini?

Novemba 14, 2025 Rais Samia alifungua Bunge la 13, zikiwa zimepita wiki mbili tu tangu uchaguzi wa Oktoba 29 na damu iliyomwagika. Alitoa pole, akatangaza tume ya uchunguzi. Waliomsikiliza karibu wote ni wa chama kimoja. Safari hii hata wa kutoka nje hakuna. Ndiyo maana nasema, kama watu hawapo wa kusema "ngoja kwanza", basi walau mlango useme.

Ninachoomba hakina gharama. Mlango wa ukumbi ufungwe. Rais apige hodi mara tatu. Spika aulize wabunge kama aingie, ndipo afunguliwe. Akimaliza kuhutubia, mbunge mmoja asiye wa chama chake apewe dakika 20 za kumjibu palepale, kamera zikiwaka.

Pale pwani siwa ilikuwa baragumu, ilipulizwa watu wakasikia. Ya Dodoma inabebwa tu, kimya.

Naomba kuwasilisha.